Mashine Inayokufa Usingizini

Fundi hakuigusa mashine. Niliiweka juu ya kaunta, nikaanza kueleza, naye akafungua daftari kubwa, akaandika tarehe, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hufa ikiwa mezani au ikiwa ndani ya begi?"

Nilikuwa nimetoka Mutomo alfajiri, nikapita Ikutha, nikavuka Mto Athi kuingia Makueni, na njia nzima nilikuwa najiandaa kusikia bei. Fundi wa kwanza, katika mji mwingine, aliiangalia dakika 5 akasema ubao mama umekufa, nitoe elfu 18. Huyu wa Kibwezi, ambaye karakana yake ni meza moja kwenye kona ya saiba, kati ya mashine ya fotokopi na foleni ya wenye shughuli za kodi ya KRA na mikopo ya masomo ya HELB, alitaka habari za begi.

Nikafikiri. Ni kweli, shuleni naifunika kati ya vipindi na nikiifunua huamka bila matata. Ni jioni, baada ya safari ya matatu, ndipo naifunua nikakuta giza: feni inavuma, taa ndogo inawaka, lakini hakuna kitufe inachosikia. Siku nyingine huleta skrini ya buluu na kujiwasha upya, na alama za Kidato cha Tatu ambazo sikuwa nimezihifadhi zimekwenda na maji.

"Haya," akasema, "tuilaze kwanza."

Vitabuni tunaifundisha kwa jina la kipakatalishi. Pale saiba ni mashine tu, na mashine iliyolala ni kitu cha ajabu kidogo. Haijazimwa. Prosesa imekatiwa umeme, skrini imekatiwa, diski imekatiwa, na kinachobaki kikinyweshwa ni RAM, kumbukumbu ya muda, karibu peke yake, ili ukifunua ukute kazi yako pale pale ulipoiacha. Fundi alijua natoka Kitui, akaniuliza kama nimewahi kuuona Mto Tiva mwezi wa Septemba. Nimeuona. Juu ni mchanga mkavu, ng'ombe wanapita, mgeni ataapa kwamba mto umekufa. Chimba kidogo, maji hayo.

"Ila maji ya huku huvuja," akaongeza, na hapo ndipo nilipovuta kiti. Kila herufi ndani ya RAM ni umeme kidogo sana uliowekwa kwenye vijichombo visivyoweza kuushika. Kawaida kila kijichombo lazima kijazwe upya kabla ya milisekunde 64 kwisha, yaani kama mara 15 kwa kila sekunde, la sivyo kilichoandikwa kinaweza kufutika. Mashine ikiwa macho, prosesa ndiyo husimamia ujazaji huo. Ikilala, RAM hujijaza yenyewe gizani, bila msimamizi. Na joto likipanda, uvujaji huongezeka. Nikaanza kulielewa swali la begi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amekata shauri. Hilo ndilo nililokuja kumheshimia baadaye: alikuwa na dhana tangu dakika ya kwanza, na akakataa kuiamini.

Sababu za kutoiamini zipo. Tangu Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa utaratibu uitwao ACPI, kuilaza na kuiamsha kompyuta imekuwa kazi ya ubia: programu iliyochomwa kiwandani, mfumo kama Windows, na draiva ya kila kifaa, kila mmoja na sehemu yake. Mashine isipoamka, washukiwa ni wengi kuliko wageni wa harusi, na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Basi akailaza. Dakika 5, ikaamka. Dakika 20, ikaamka. Kila mara aliandika saa ya kulala, saa ya kuamka, na neno moja, "hai". Kisha akaitia ndani ya begi langu mwenyewe, pamoja na vitabu vyangu, akaliweka begi kwenye rafu ya juu chini ya mabati, ambako joto la Kibwezi hukusanyika, akaenda kumtolea mama mmoja nakala za hati ya shamba. Dakika 40 baadaye akalishusha. Feni, taa, giza. Akaandika "imekufa", na nikaona amefurahi. Mimi nilikuwa nimesafiri kilomita zote zile nikiogopa kwamba kosa halitatokea mbele yake, kwa aibu ya mgonjwa anayepona kwenye mlango wa daktari. Yeye alikuwa akilitafuta kosa kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Hakushika bisibisi bado. Alichomeka flashi yenye Linux, akaiwasha mashine kutoka huko bila kugusa diski wala Windows yangu, akailaza tena vile vile, begini, chini ya mabati. Ikafa. "Windows tumemsamehe," akasema.

Kilichofuata sijakiona popote tangu hapo. Mashine ikifia usingizini, haiwezi kuulizwa ilikufa vipi, kwa sababu ukiiwasha upya kumbukumbu zote zimekwenda. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya mashine kinachopita kwenye kifo bila kusahau, nacho ni saa, inayobaki ikitembea hata umeme ukikatika. Mwaka 2006 Linus Torvalds, yule aliyeianzisha Linux, aliandika hila ya kuitumia saa hiyo kama ukuta wa kuandikia: kila hatua ya kuamka, mfumo unachora alama yake kwenye tarehe. Mashine ikifa njiani, alama ya mwisho inabaki. Unaiwasha kabla ya dakika 3 kupita, maana saa ikiendelea kutembea itaiharibu alama, kisha mfumo unaisoma tarehe ile na kukutajia kifaa ilichokuwa ikikiamsha ilipoanguka.

Fundi aliandika amri hiyo kwa vidole viwili. Jaribio la kwanza, saa ya mashine ikarukia mwaka usiokuwa na maana yoyote, na jina likatoka: kadi ya mtandao. Nikasema basi tumempata. Hakujibu. Akairudia, begi, mabati, dakika 40 nzima. Safari hii jina likawa la kifaa cha sauti. Mara ya tatu, cha USB.

Mimi niliona vifaa vitatu vibovu na gharama mara tatu. Yeye aliweka kalamu chini. "Kifaa kingekuwa kibovu, mwalimu, kingetajwa hicho hicho kila mara. Shahidi anayebadilisha maneno, shida ni kumbukumbu yake."

Ilikuwa saa kumi, na matatu ya mwisho ya kwetu haingoji. Nikaiacha mashine.

Niliporudi Jumamosi, nilikuta ameifungua. Misumari yote ya parafujo ilikuwa imechomekwa kwenye kipande cha katoni alichochora umbo la mashine, kila mmoja mahali pake, kwa kuwa mirefu na mifupi hufanana, na mrefu ukiingia pa mfupi hutoboa. Kijana anayejifunza kazi alikuwa akiipeperushia vumbi jekundu kwa brashi ya rangi. Fundi hakunieleza mengi, alinigeuzia daftari nisome.

Ijumaa asubuhi alisugua meno ya RAM zote mbili kwa kifutio cha penseli, akazirudisha, akailaza. Imekufa. Hapo ningekuwa mimi ningebadilisha zote mbili nikaenda nyumbani. Yeye alichomoa moja. Ile iliyokuja na mashine ikabaki peke yake: hai, hai, hai, na ya nne usiku kucha, hai. Akaitoa, akarudisha mahali pake ile ya pili, niliyoongezewa dukani mwaka uliopita: imekufa baada ya dakika 38. Na bado hakuridhika, kwa sababu huenda mwenye kosa ni nafasi inamochomekwa na wala si RAM yenyewe. Akazibadilishia nafasi. Kifo kikaifuata RAM ile ile. Ile nzima, ilipowekwa kwenye nafasi iliyokuwa ikishukiwa, ikalala na kuamka kama mtoto. Kurasa mbili za daftari, siku mbili, na mahali popote hapakuwa na mstari ambao vitu viwili vimebadilishwa kwa pamoja.

Nilimuuliza kwa nini RAM mbovu iliweza kufanya kazi mchana kutwa bila kulalamika. Akasema mchana ina msimamizi.

Aliniomba shilingi 1,500. Nikamwambia ni kidogo kwa siku tatu. Akasema muda mwingi mashine ilikuwa imelala na yeye alikuwa akitoa fotokopi. Akafunga misumari akiitoa kwenye katoni mmoja mmoja, akaifunika mashine, akaifunua, alama za Kidato cha Tatu zilizosalia zikatokea pale pale zilipokuwa.

RAM ile mbovu hakuitupa. Aliitazama upande huu na huu, haina hata doa, akaniuliza kama naitaka. Nikasema hapana. Basi akachukua kompyuta nyingine kuukuu kutoka chini ya meza, akaichomeka RAM ile ndani yake akiwa ametupa mgongo, akafunga kifuniko, na kumsukumia yule kijana.

"Hii ina kosa," akamwambia. "Litafute."

Kijana akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Fundi akaisogeza mbali, akamwekea daftari.