Ramani ya Meli Iliyozama Hupimwa kwa Futikamba ya Nne

Juzi hapa Isiolo ilitundikwa ramani ya meli iliyozama, watu wakaisifu kwa rangi zake. Hakuna aliyeuliza jedwali la vipimo, na hilo limeniuma, maana huku kwetu bikoni ya shamba ikisogezwa hatua mbili kesi huchukua miaka.

Rangi si hoja. Ramani njema huchorwa kwa penseli, na taruma lililopinda huachwa limepinda. Hilo halina mjadala. Linalowapita wasioizoea kazi ni kipimo cha ziada. Vuta futikamba mbili kutoka bikoni mbili zilizofungwa kando ya meli hadi ncha ya taruma: maduara mawili yatakatana tu, hata kama umesoma 8.40 badala ya 8.04, na ramani itatoka safi. Futikamba ya tatu hufichua kwamba kuna kosa. Ya nne huonyesha liko wapi. Ndiyo maana Nick Rule, aliyeishughulikia meli iliyozama ya Mary Rose kule Uingereza, alitaka kila nukta ipimwe kutoka bikoni nne, pamoja na kina chake.

Basi katika jedwali soma safu ya tofauti kati ya kilichosomwa na kilichokokotolewa. Sentimita mbili tatu ni alama ya kazi ya kweli, kwa sababu mkondo huupinda utepe na mkono huchoka. Sifuri tupu zimeandikwa mezani. Nilimjua mzamiaji aliyepima futikamba mbili, kisha akazijaza mbili nyingine mashuani kwa kikokotoo. Kukubaliana mno ndiko kulikomfichua. Fundi aliyenifunza hakushuka kupima wakati wa bamvua. Alingoja maji mafu, akaukaza utepe, akausoma, akaulegeza, akaukaza tena. Ukizidi mita 20 hakuuamini.

Kina nacho hakiachwi. Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbwa kuanzia 1977 hadi 1980 chini ya Robin Piercy. Imelala mteremkoni, na mteremkoni mita 5 za utepe zenye tofauti ya kina ya mita 3 ni mita 4 tu kwenye ramani. Enzi zile watu walishuka na kibao, penseli na subira. Leo vijana hupiga picha elfu bila kufunga bikoni hata moja.

Ukiletewa ramani isiyo na vipimo vinne na kina kwa kila nukta, mrudishie aliyeichora.