Kisiwa Kionekanacho kwa Mbali: Utoto wa Ubwari na Uhakiki wa Tawasifu

Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakafika Ubwari. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliieleza Ubwari kuwa ni kisiwa. Haikuwa kisiwa. Ubwari ni rasi ndefu na nyembamba iliyoungana na bara upande wa kusini, na ghuba inayoitenga na Baraka ingali inaitwa katika ramani kwa jina la Burton huyo huyo. Wenyeji wa huko hawakuhitaji kuambiwa kwamba nchi yao inafikika kwa miguu. Lakini aliyeitazama akiwa majini aliona maji mbele na maji nyuma, akaandika alichokiona.

Makala haya yanakusudia kulichukua kosa hilo kama funzo la uhakiki. Kisiwa, katika maandishi ya kumbukumbu, mara nyingi ni jina ambalo mahali hupewa na mtu aliyekwisha kutoka. Mtoto haishi kisiwani, anaishi nyumbani. Utoto wake huwa kisiwa siku anapougeukia akiwa ng'ambo. Kwa hiyo swali la kwanza la mhakiki lisiwe "utoto huo ulikuwaje?", bali "msimulizi amesimama wapi, na ni maji gani yaliyomtenga na anachokisimulia?"

Ukerewe: maji ya shule

Fasihi ya Kiswahili imebahatika kuwa na kisiwa kimoja cha mashambani kilichoandikwa na wenyewe zaidi ya mara moja, nacho ni Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ingawa alipitia seminari, alirudi kisiwani akazeekea huko. Katika riwaya yake bahari haipo, kwa maana ya mpaka unaomtenga msimulizi na wahusika wake. Uvuvi, pombe ya ndizi, adabu za wakwe, uchungu wa wanandoa wasiopata mtoto, kisha malezi ya Ntulanalwo na Bulihwali: yote haya ni ulimwengu mzima, si kipande kilichokatwa kutoka ulimwengu mwingine.

Kwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, hali ni tofauti. Katika Rosa Mistika (1971), Rosa anatoka kisiwani kwenda kusoma Mwanza, na kila hatua ya elimu inamwondolea ukali wa baba bila kumpa kitu cha kushika mahali pake. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto anarudi Ukerewe akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na sasa anakiona kijiji chake kama mgeni akionavyo. Maji yanayomtenga na utoto wake ni shule. Ametoka peke yake na anarudi peke yake. Hivyo nafsi inayosimulia ni "mimi", na "mimi" huyo hana mtu wa kumwambia kwamba amekumbuka vibaya.

Wahakiki wetu wameujadili sana upweke huo, na wengi wameuhusisha na falsafa ya udhanaishi. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, imetuzoeza kudhani kwamba kila anayekumbuka utoto wa kijijini lazima awe msomi aliyepotea njia ya kurudi. Hapo ndipo Ubwari inapotupa fundisho jingine.

Ubwari: maji ya vita

Tuchukue maisha ya mtu wa makamo fulani, si ya mtu mmoja mahususi. Amezaliwa Ubwari miaka ya kati ya 1950. Utoto wake ni wa mtumbwi, wa nyavu za usiku, wa mihogo iliyoanikwa juu ya mawe. Hajafika umri wa miaka kumi uasi wa 1964 unaingia Fizi. Mwaka 1965 Ernesto Guevara anapita katika milima hiyo hiyo kwa miezi saba, na mji wa Baraka unapiganiwa. Anakuwa mtu mzima, anaoa, anazaa. Mwaka 1996 vita vinafika tena, naye anavuka ziwa pamoja na maelfu ya wenzake hadi Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo. Kuanzia mwaka 2005 meli zinawarudisha baadhi yao hadi Baraka. Wengine wanabaki kambini, na wengine baadaye wanapelekwa Marekani.

Mtu huyu naye anautazama utoto wake akiwa ng'ambo ya maji. Nchi ambayo Burton aliiita kisiwa kwa kukosea, kwake imekuwa kisiwa kweli, kwa kuwa hawezi tena kuifikia kwa miguu. Lakini yeye hakuvuka peke yake. Alivuka na jirani yake, na shemeji yake, na mtu aliyewahi kumwibia wavu. Anaposema kambini kwamba zamani samaki walijaa na watu walipendana, yupo mwenzake wa kumkatiza: "Sivyo, mwaka ule tulilala njaa." Masimulizi ya namna hii yana mashahidi. Nafsi yake ni "sisi", si kwa sababu Mwafrika hana nafsi ya pekee, kama ilivyowahi kudaiwa, bali kwa sababu waliokuwapo wangali wameketi hapo.

Tofauti hii ni ya fani kama ilivyo ya maudhui. Tawasifu ya msomi huenda mbele kwa mfululizo wa miaka. Masimulizi ya wakimbizi huenda kwa kupingana na kurekebishana. Hurudi nyuma, hubishania jina la mto, hukubaliana, ndipo huendelea. Mhakiki akiyasikiliza kwa sikio lililozoea kitabu, atayaona yamevurugika. Kumbe ule ubishi ndio mbinu yao ya kutafuta ukweli, na ndio unaoyaepusha na sifa tupu za zamani.

Suala la lugha

Wengi wa wasimulizi hawa waliishi utoto wao kwa Kibembe au lugha nyingine ya nyumbani, wakautumia Kiswahili sokoni na kwa majirani wa makabila mengine. Sasa wanausimulia kwa Kiswahili, na tena Kiswahili kinachobadilika kati ya pwani mbili za ziwa moja. Samaki mdogo aitwaye ndagala Baraka na Uvira huitwa dagaa Kigoma. Aliyevuka hujifunza haraka kusema dagaa, maana sokoni hakuna subira. Lakini anapoukumbuka utoto, ndagala hurudi kinywani. Mhariri anayelifuta neno hilo kwa jina la usanifu hasahihishi kosa. Anafuta alama pekee inayoonyesha msimulizi amesimama upande gani wa maji.

Yapo mapingamizi. Itasemwa kwamba masimulizi ya kambini si fasihi andishi, na kwamba tawasifu ni utanzu wa maandishi. Pingamizi hili lingekuwa zito kama Fizi isingekuwa imeandikwa. Imeandikwa: na Burton aliyepita majini, na Guevara aliyepita milimani. Wote wawili waliandika kwa uaminifu wa mpita njia, na mpita njia huyo wa kwanza alishindwa hata kutambua mahali nchi inapoungana na bara. Tukisubiri kitabu, tutakuwa tumewaachia hao neno la mwisho.

Hitimisho

Riwaya ya Kitereza ilisubiri miaka 35. Mwandishi aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Ilingojea kwa sababu ilikuwa kwenye karatasi. Masimulizi ya Ubwari hayako kwenye karatasi, na aliyekuwa mtoto mwaka 1964 leo ni mzee. Kazi iliyo mbele ya idara zetu, Bukavu, Kigoma na Dar es Salaam, ni kuyarekodi jinsi yasemwavyo, pamoja na sauti za wanaokatiza na wanaokanusha, na kuwafundisha wanafunzi kuyahakiki kwa vigezo vyake. Tusipofanya hivyo, Ubwari itabaki kisiwa katika vitabu, na walioijua njia ya miguu watakuwa wameondoka nayo.