Kibano cha Joseph Gall

Septemba 2024 alifariki dunia huko Marekani Joseph Gall, mzee wa miaka 96, aliyejua kufanya kwa vidole vyake jambo ambalo maabara nyingi za leo hazijisumbui tena kulifundisha. Alijua kukitoa kiini cha seli kikiwa kizima, kukivua utando wake, na kuziacha kromosomu zilizomo zitandae bila hata moja kukatika.

Nitakaa kidogo kwenye kazi hiyo, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Salamanda jike wa majini hubeba tumboni mayai machanga ambayo kila moja ni seli moja kubwa ajabu. Kiini ninachokisema si ule umanjano wa yai la kuku, bali kile kifuko kinachohifadhi DNA, na katika yai la salamanda huyu kifuko hicho hukaribia nusu milimita, hata jicho tupu hukiona. Fundi hulitia yai katika maji ya chumvi yaliyopimwa, potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Hulishika kwa vibano viwili vya sonara vyenye ncha kali, hulitoboa, na kiini huteleza nje kikiwa bado kimepakaa ute. Hukivuta na kukitema kwa mrija mwembamba mpaka kitakate, kisha hukihamishia kwenye tundu lililochongwa katika kioo na kuzibwa chini kwa kigae chembamba mno.

Hapo ndipo mkono hujulikana. Kibano kimoja hushika utando, cha pili huuchana, na yaliyomo hutoka taratibu na kutua juu ya kigae. Tangu dakika hiyo hakuna kugusa tena. Mkono ukitetemeka, kromosomu zimekwenda. Chumvi ikikosewa, ute hukakamaa na kuzishika humo humo. Hata hadubini yenyewe imegeuzwa, hutazama kutokea chini, kwa sababu kinachotazamwa kimelala sakafuni na hakiwezi kuinuliwa.

Na kinachoonekana, jamani! Kromosomu ndefu, zimetulia mbili mbili, na kila moja imechomoza vitanzi laini pande zote. Mjerumani Walther Flemming aliziona mwaka 1882, na miaka kumi baadaye zikapewa jina la zile brashi za kusafishia chemni za taa. Wengi walizitazama, wakazichora, wakapita. Gall hakupita. Mwaka 1963 alizitia kimeng'enya kinachokata DNA, akakaa kwenye hadubini kuhesabu jinsi vitanzi vinavyokatika kadiri muda unavyokwenda. Kasi ya kukatika ilimwonyesha kwamba kila kitanzi kina molekuli moja tu ya DNA. Swali lililokuwa likiwasumbua mabingwa wenye mitambo ya bei mbaya, yeye alilijibu kwa macho, saa na uvumilivu. Mwaka 1969, pamoja na mwanafunzi wake Mary-Lou Pardue, akaonyesha namna ya kuitafuta jeni pale pale ilipo ndani ya seli ya chura: unatia alama ya mnururisho kwenye kipande kinachooana nayo, unakiacha kishikamane nayo ndani ya seli, unaipaka seli ute wa filamu, unaiweka gizani na kungoja hadi vitone vyeusi vitokee. Kungoja kwenyewe kulikuwa sehemu ya ufundi.

Leo hamu ni kujua jinsi DNA inavyojikunja. Ni hamu ya haki kabisa: DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufika mita 2 hivi, nayo imeshindiliwa ndani ya kiini cha mikromita 10 au pungufu, na bado jeni inayotakiwa hupatikana. Mwaka 2002 Job Dekker na wenzake walitoa njia yenye akili nyingi. Unaziloweka seli katika fomalini ili sehemu za DNA zilizokaribiana zishikamane, unaikata DNA kwa kimeng'enya, unaunga ncha zilizo jirani, kisha unasoma nani aliungwa na nani. Nayo ina ufundi wake, nisiidharau. Fomalini ikizidi, kimeng'enya hakipenyi. Ikipungua, majirani huachana kabla hujawaandika. Mwaka 2009 njia hiyo ikapanuliwa kuchukua kromosomu zote kwa mpigo, ikaitwa Hi-C, na tangu hapo ramani za miraba myekundu zimejaa majarida.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyozisoma ramani hizo. Zile za kawaida hupikwa kutokana na mamilioni ya seli, kwa hiyo zinaeleza wastani, na wastani huo huenda usiwe umbo la seli yoyote iliyowahi kuishi. Mwaka 2013 watafiti wa Babraham, Uingereza, walipoweza kusoma seli moja moja, walikuta mikunjo inatofautiana seli kwa seli. Mwaka uliofuata kundi la Wendy Bickmore huko Edinburgh lililinganisha ramani za namna hiyo na vipimo vya hadubini katika eneo la jeni za HoxD za panya. Kuna mahali mashahidi hao wawili walipingana: mguso mwingi kwenye ramani haukuwa kila mara ukaribu chini ya lenzi. Bila watu waliojua kupaka alama na kupima umbali kiini kwa kiini, nani angeligundua hilo?

Watu hao wanapungua. Mwanafunzi wa sasa hununua pakiti ya dawa zilizochanganywa kiwandani, hufuata karatasi ya maelekezo, hutuma kichupa chake kwa kampuni, kisha hungoja faili. Anaweza kumaliza shahada ya uzamivu kuhusu umbo la kromosomu asiwe amewahi kuiona kromosomu. Mimi hilo naliona aibu, na kisingizio cha kwamba muda hautoshi hakiniingii, kwa sababu muda wa kurekebisha rangi za ramani kwenye kompyuta hupatikana kila siku.

Enyi wenye maabara, vibano vya sonara bado vinauzwa, na vyura na salamanda bado wanafugwa. Kitabu alichoandika H. G. Callan wa St Andrews mwaka 1986 kuhusu kromosomu hizi kimeeleza kazi yote. Kabla hamjaagiza pakiti nyingine, mtengeeni mwanafunzi mmoja meza, hadubini na mwalimu, naye aachwe aharibu viini mpaka apate kimoja kizima.