Tairi la Kuondokea: Mshiko Unavyopatikana Kwenye Mbio za Robo Maili

Katika mbio za dragi gari huanza limesimama, likakimbia mstari mmoja ulionyooka wa robo maili, yaani mita 402. Saa za kiwanja husoma muda mara kadhaa njiani, na usomaji unaotazamwa kwa makini zaidi ni ule wa futi 60 za kwanza, mita 18 na ushei. Hapo injini haijasema neno lake. Kinachopimwa ni tairi. Sehemu ya kumi ya sekunde ikipotea kwa gurudumu kuzunguka bure, hairudi tena, na kwa kawaida hasara hiyo huwa imekua gari linapofika mwisho wa mstari.

Vitabu vya shule hufundisha kwamba msuguano hutegemea uzito na aina ya nyuso zinazogusana, na kwamba ukubwa wa eneo lililogusana hauna hesabu. Kanuni hiyo inafaa kipande cha mbao juu ya meza. Lau mpira nao ungeitii, na msuguano wake usizidi uzito wa gari, robo maili isingekimbiwa kwa chini ya sekunde 9 hivi, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Magari ya daraja la Top Fuel nchini Marekani, ambayo mbio zao ni fupi kidogo, humaliza futi 1,000, takriban mita 305, kwa chini ya sekunde 4. Bawa la nyuma huyakandamiza chini yakishashika kasi, lakini wakati wa kuondoka kazi kubwa ni ya mpira. Mpira laini uliopata moto huzama ndani ya vitundu vya lami na kunata, tena juu ya njia iliyopuliziwa gundi na kupakwa mpira wa mbio zilizotangulia. Kwa hiyo eneo lina hesabu, na kubwa.

Ufundi huu ulijengwa polepole. Mwanzoni wakimbiaji wa Marekani walitumia matairi ya kawaida yaliyovishwa mpira upya bila kashata. Katika miaka ya 1950 Marvin Rifchin na baba yake Harry, wa kampuni ya M&H huko Watertown, Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunda tairi la dragi tangu mwanzo, kwa mpira laini kuliko wa barabarani. Hatua kubwa zaidi ilikuja katika miaka ya 1960: ubavu wenyewe ukafanywa mwembamba na mlegevu. Klachi inaposhika, rimu hutangulia kuzunguka huku sehemu iliyokanyaga lami ikiwa bado imetulia. Ubavu hujikunja makunyanzi kama nguo inayokamuliwa, na wayo wa tairi, yaani sehemu inayogusa lami, hurefuka. Mshtuko ambao ungeng'oa mpira kwenye lami humezwa na makunyanzi hayo. Tairi la Top Fuel, lenye kipenyo cha inchi 36 hivi, hujazwa upepo wa pauni 6 au 7 tu. Kasi ikipanda, tairi hilo hutanuka kwenda juu na kuwa jembamba, na hivyo kufanya kazi ya gia ya ziada.

Kwa gari la kawaida, uamuzi mkubwa ni kati ya aina mbili za tairi: la nyuzi mshazari na la radiali. Tairi la nyuzi mshazari husamehe: likianza kuteleza, dereva akilegeza mafuta kidogo, hushika tena. Linafaa gari zito, gari la gia za mkono, na kiwanja kisichoandaliwa vizuri. Ubaya wake ni kwamba hula nguvu linapobingirika na huyumba kwenye kasi kubwa. Tairi la radiali lina ubavu mgumu zaidi, hubingirika kwa wepesi na hutulia mwisho wa mstari, ila likishateleza ni vigumu kulirudisha. Linataka injini inayoachilia nguvu zake kwa mpangilio na springi zilizorekebishwa. Kulifunga tairi la radiali kwenye gari lenye klachi kali na springi za kiwandani ni kununua matatizo.

Upana hupendwa kupita kiasi. Kipenyo nacho kina faida yake, kwa kuwa tairi refu lina wayo mrefu, lakini hubadilisha hesabu ya difu. Gari lenye difu ya 4.10 na matairi ya inchi 26, likivalishwa ya inchi 28, huvuta kana kwamba difu yake ni 3.81. Kwa gari linalovuta kwa mbele, matairi ya dragi hufungwa mbele.

Upepo hurekebishwa kwa kusoma alama nyeusi zinazoachwa chini. Kingo zikikolea na katikati pakafifia, upepo ni mdogo. Katikati pakikolea, umezidi. Tairi kipara hulowanishwa kwanza, kisha huzungushwa hapo hapo mpaka litoe moshi, ili lipate moto na kutoa mchanga. Lenye kashata hupitishwa kando ya maji, kwani mifereji yake huyabeba hadi kwenye mstari wa kuondokea.

Kila mara tairi linapopata moto na kupoa, mpira wake hukakamaa kidogo. Linaweza kuonekana bado nene huku unato umekwisha, na ndiyo sababu mafundi hulipima kwa kipima ugumu kabla ya kulifunga.