Kiraka Hakina Damu: Ugomvi Wangu na Jina Moja Zuri

Kama umeona filamu ya Thierry Michel ya mwaka 2015 kuhusu Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, jina lake hujalisahau: L'homme qui répare les femmes, yaani mtu anayetengeneza wanawake. Kabla ya filamu, jina hilo lilikuwa la kitabu cha mwandishi wa habari Colette Braeckman, kilichotoka 2012. Ni jina linalokaa kichwani. Na tangu Mukwege apewe Nobeli ya Amani mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad, limekuwa kama jina lake la pili.

Mimi nina ugomvi na jina hilo. Sigombani na daktari, wala na filamu, ambayo naona kila mtu mzima angefaa kuiona. Ninachogombana nacho ni neno "kutengeneza". Kisayansi linapotosha, na kuna mtu anayelipia upotoshaji huo.

Tuanze na jeraha lenyewe. Mama akikaa na uchungu siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana kibofu na uke kwenye mfupa wa kinena. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu inakufa, na baada ya siku kadhaa inadondoka. Linabaki tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo unavuja usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula.

Hapa wengi huuliza: kwani Bukavu si ni mambo ya ubakaji? Ukatili upo, na ni wa kutisha, na fistula zinazotokana nao zipo. Lakini mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya Panzi, Mukwege akiwa mmoja wao, walichapisha hesabu ya wagonjwa 604 wa fistula. Waliosema fistula yao ilitokana na ukatili wa kingono walikuwa 24, yaani asilimia 4. Kwa sehemu kubwa chanzo kilikuwa uzazi. Kwa hiyo tunaongelea, kwanza kabisa, jeraha lililoletwa na kukosa damu.

Na jeraha la namna hiyo halitibiki kwa uzi peke yake. Nyama iliyozunguka tundu nayo imedhoofika: ni kovu, ngumu, damu yake kidogo. Ukivuta kingo mbili za kovu ukazishona, unaweza kukuta wiki mbili baadaye zimeachia. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji walitafuta njia ya kupeleka damu mahali isipofika. Mwaka 1928 Mjerumani Heinrich Martius alieleza njia ambayo bado inatumika: unachukua ukanda wa mafuta kutoka ndani ya shavu la nje la uke, unauacha ukiwa umeshikamana upande mmoja pamoja na mishipa yake ya damu, unaupitisha chini ya ngozi, kisha unaulaza juu ya mshono wa kibofu. Pengo likiwa kubwa zaidi, wapo wanaotumia msuli mwembamba wa upande wa ndani wa paja kwa mtindo huohuo. Kipande cha namna hii huitwa flapu.

Sasa, mtu akitafsiri flapu kwa haraka husema "kiraka". Mimi mwenyewe nimeshawahi kusema hivyo mbele ya darasa, na hakuna aliyenyoosha mkono kunisahihisha. Lakini kiraka cha suruali ni kitambaa kilichokatwa, hakina uhai. Flapu ni kama mboga maboga iliyotambaa hadi shambani kwa jirani: majani yako kule, shina liko kwako, na chakula kinatoka kwenye shina. Ukikata shina, au ukilipinda vibaya, kule mbele kunanyauka. Daktari kazi yake ni kupitisha mtambaa bila kuua shina. Kinachoponya baada ya hapo ni damu ya mama mwenyewe, mwili wake, na muda. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza mpira wa mkojo ukae siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa fistula isiyo ngumu, ili kibofu kipumzike. Siku zote hizo hakuna anayetengeneza kitu. Watu wanasubiri, na manesi wanahakikisha mpira haujaziba.

Utaniambia: basi tuiite flapu shujaa badala ya daktari. Hapana, taratibu! Mwaka 2006 Andrew Browning, daktari aliyekuwa akifanya kazi Ethiopia, alilinganisha wagonjwa wa fistula ya uzazi waliowekewa ukanda wa Martius na wasiowekewa, na hakuona faida ya kuuweka. Madaktari wengine wameutetea, hasa kwa fistula ngumu au zilizokwisha kurudiwa. Mjadala bado upo, na ukiangalia redio zinavyotengenezwa hutaukuta: fundi habishani na wenzake miaka 80 kama waya ule unasaidia au hausaidii. Mwili si redio.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii. Kwenye fistula, kuziba tundu na kukauka ni mambo mawili tofauti. Tundu linaweza kufungwa vizuri kabisa, daktari akaandika "imefaulu", na mama akainuka kitandani akiwa bado analowa. Kwa nini? Kwa sababu uchungu ule mrefu haukuua ukuta wa kibofu peke yake. Unaweza kuwa umeharibu mrija wa mkojo na misuli inayoubana, au umeacha kibofu kidogo kisichojaa. Kadiri tundu lilivyokuwa karibu na tundu la nje la mkojo, hatari hiyo inaongezeka. Katika mpangilio wa Judith Goh, unaotumiwa na madaktari wengi wa fistula, kundi la nne ni la matundu yaliyo chini ya sentimita 1.5 kutoka hapo.

Mweke mama huyo mbele ya jina la ile filamu. Ameshatengenezwa, sivyo? Mume kaambiwa hivyo, wifi kaambiwa hivyo. Akiendelea kunuka mkojo, kosa litaonekana la nani? Atanyamaza. Harudi hospitali, maana mtu aliyetengenezwa anarudi kudai nini? Na kumbe kwa wengi wao bado kuna la kufanya: mazoezi ya misuli ya nyonga, dawa za kibofu, hata upasuaji wa pili wa kuutegemeza mrija.

Najua upande wa pili wa hoja. Jina rahisi linaleta fedha na kamera, na kijijini huwezi kuanza kueleza mishipa ya damu. Nakubali nusu. Fedha zikija kwa kuhesabu pasuaji, kitakachohesabiwa ni pasuaji. Na kijijini wanaelewa mtambaa wa mboga kuliko sisi tuliokaa maabara.

La ajabu ni kwamba jina hili halimtendei haki hata Mukwege. Kazi ya Panzi ina nguzo nne: matibabu, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria, na kumwezesha mwanamke kujitegemea kiuchumi. Mtu anayeamini kwamba mwanamke hutengenezwa kwa sindano na uzi asingehangaika na hizo nyingine tatu.

Kwa hiyo, msomaji, siku ukikutana na taarifa inayojivunia fistula mia ngapi "zilizotengenezwa", usikimbilie kupiga makofi. Waulize waandishi wake maswali mawili. Wangapi walikuwa wakavu siku mpira ulipotolewa? Na wangapi walikuwa bado wakavu miezi sita baadaye, na nani alikwenda kuwauliza?