Wekundu wa Dhahabu Hauhukumiwi Dirishani

Nimechoka kuona chupa ya maji mekundu ikipigiwa makofi. Juzi hapa Tukuyu, mbele ya waamuzi, tulionyeshwa chembe nano za dhahabu zilizotengenezwa kwa majani ya chai, na watu wakasifia rangi. Rangi ipi? Chai ya Rungwe ni nyekundu hata kabla hujaitia chumvi ya dhahabu.

Njia yenyewe haina ubaya. Polifenoli za chai huitoa dhahabu kwenye chumvi yake na kuzivika chembe zisigandamane. Mimi bado nashikilia sitireti, njia ya Turkevich ya mwaka 1951: maji yakichemka, rangi hupitia buluu ya kijivu, kisha zambarau, ndipo itulie kwenye rubi. Anayeishia kwenye zambarau ameharibu kazi. Zamani hakuna aliyeleta chupa mezani kabla ya kuilaza siku kadhaa na kuiangalia upya.

Kosa la wengi ni kuinua chupa dirishani na kutosheka. Mwanga unaopita katikati humpendelea kila mtu. Weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa, zima taa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Chembe za nanomita 15 au 20 hutawanya mwanga kidogo sana, kwa hiyo maji hubaki maangavu. Ukiona ukungu wa kahawia kama maji ya tope, chembe ni kubwa au zimeshashikana, hata kama dirishani zilionekana rubi. Michael Faraday aliupitisha mwanga wa jua kwenye dhahabu yake namna hiyo, na matokeo akayatangaza mwaka 1857. Baadhi ya chupa zake zipo London mpaka leo, bado nyekundu.

Walaghai nao wana dawa yao: wanazidisha chai ili wekundu wake ufunike zambarau. Hawa wanaumbuliwa na sentrifuji. Zungusha, mwaga chai, ongeza maji safi, tikisa. Dhahabu nzuri hurudi nyekundu, na kilele chake kwenye spektrofotomita husimama karibu na nanomita 520, chembamba. Kilele kipana sikikubali.

Huu si ubishi wa maabara tu. Mstari mwekundu wa vipimo vingi vya haraka vya malaria, hata kwenye zahanati zetu, ni chembe hizihizi zilizonaswa na kingamwili. Zikigandamana mapema, kipimo hakiaminiki. Kwa hiyo, waamuzi, mkikuta unga mweusi umekwama chini ya tyubu ya sentrifuji na hautawanyiki, msitoe alama hata moja.