Mjerumani na Nahau za Kiingereza: Kosa ni la Nani?

Imezoeleka miongoni mwetu tunaofundisha lugha kuamini kwamba lugha mbili zikiwa ndugu, mwenye moja hujifunza ya pili bila taabu kubwa. Kwa upande wa msamiati imani hiyo ina ukweli mwingi. Kiingereza na Kijerumani ni matawi ya shina moja, na mtoto wa Kijerumani anayekutana na maneno hand, finger na winter katika kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza huyaona ni maneno ya nyumbani kwao. Lakini mtu huyo huyo akifika kwenye nahau, maneno yale yale anayoyajua hugeuka yakawa mageni. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba taabu anayoipata hapo haitokani na umbali wa lugha hizo mbili bali na ujirani wao. Na kwamba dawa mbili anazopewa kwa kawaida, yaani orodha na kicheko, hazimponyi.

Nahau tunaichukua hapa kwa maana yake ya kawaida: fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yaliyomo. Aliyepiga moyo konde hakumpiga mtu, wala aliyevaa miwani kilabuni hana ugonjwa wa macho. Zikitazamwa kwa jicho la Mjerumani, nahau za Kiingereza zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la nahau zinazolingana kwa sura na kwa maana. Mwingereza na Mjerumani wote wawili huvunja barafu wanapoondoa ukimya baina ya wageni, na wote wawili hutupa lulu mbele ya nguruwe. Huu wa pili umetoka katika Injili ya Mathayo. Agano Jipya la Luther la mwaka 1522 na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ziliwalisha watu wa lugha hizo misemo mingi kutoka chungu kimoja.

Fungu la pili lina maana moja na sura mbalimbali. Mwingereza aliyenunua kitu bila kukikagua amenunua nguruwe ndani ya mfuko. Mjerumani amenunua paka ndani ya gunia. Sisi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu akifa, Mwingereza asemaye kwa mzaha atasema kwamba marehemu ameipiga ndoo teke, Mjerumani atasema amekabidhi kijiko, na Mswahili atasema amekata kamba. Anayemtania mwenzake kwa Kiingereza humvuta mguu, kwa Kijerumani humpakata mkononi. Anayemtakia mwenzake heri kwa Kiingereza hupishanisha vidole viwili, kwa Kijerumani huvibana vidole gumba.

Fungu la tatu lina sura moja, au sura zinazokaribiana, na maana mbalimbali. Mwingereza akisema kwamba yeye ni blue, ana huzuni. Mjerumani akisema kwamba yeye ni blau, ambalo ndilo neno lile lile la rangi ya samawati, amelewa. Mwingereza akisema jambo fulani si kikombe chake cha chai, maana yake halimpendezi. Mjerumani akisema jambo fulani si bia yake, maana yake halimhusu. Hapa mambo yote humshawishi mwanafunzi abadilishe bia kwa chai tu, aamini kwamba kazi imekwisha. Siku atakapoombwa msaada na mwenzake Mwingereza, naye akajibu kwamba jambo hilo si kikombe chake cha chai, atakuwa amekusudia kusema kwamba halimo katika kazi zake; mwenzake atasikia kwamba limemchukiza.

Yafaa tuzingatie tofauti iliyopo baina ya fungu la pili na la tatu, kwani ndiyo kiini cha hoja yetu. Mjerumani asiyefahamu neno hata moja katika mazungumzo husema kwamba anaelewa stesheni tu. Akiitafsiri kauli hiyo neno kwa neno, Mwingereza atashangaa, lakini mshangao huo ndio utakaomwokoa: ataona wazi kwamba mbele yake pana msemo mgeni, na atauliza. Katika fungu la tatu hakuna anayeuliza, maana wote wawili wanadhani wameelewana. Kosa linalochekesha aghalabu ni kosa salama. Kosa lenye madhara halichekeshi mtu.

Hata hivyo, Wajerumani wenyewe wameshughulika mno na lile linalochekesha. Mfano mkubwa ni kisa cha Rais Heinrich Lübke, aliyeiongoza Ujerumani Magharibi tangu 1959 hata 1969. Ilisimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Pili alipoitembelea nchi hiyo mwaka 1965, Rais alitaka kumwambia kwamba shughuli itaanza sasa hivi, akasema: Equal goes it loose. Ni Kijerumani kitupu kilichovishwa maneno ya Kiingereza, na Mwingereza hawezi kupata maana yoyote humo. Kisa hicho kilienea kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Hermann Gremliza, mhariri wa jarida la konkret, aliandika kwamba kilibuniwa na waandishi wa gazeti la Der Spiegel. Hata hivyo kilisadikiwa kwa wepesi, na yumkini kilisadikiwa kwa sababu kila aliyekisikia alijiogopea nafsi yake. Alimcheka Rais ili asijicheke mwenyewe.

Hofu hiyo imezaa fasihi nzima ya vitabu vya kuchekesha na kufundisha. Cha Peter Littger, kilichotoka mwaka 2015, kina jina la Kiingereza ijapokuwa kiliandikiwa Wajerumani: The Devil Lies in the Detail. Mjerumani husema kwamba shetani amejichomeka katika jambo dogo. Mwingereza husema kwa kawaida kwamba shetani yumo tu, bila kumpa kitenzi cha kulala wala cha kujificha. Basi jina lenyewe ni somo, nalo ni somo zuri: linaonyesha kwamba makosa mengi ni ya neno moja katika msemo ambao pande zote mbili zinao. Vitabu vya aina hii vina haki ya kusifiwa, kwa kuwa humfanya msomaji aisikilize lugha yake mwenyewe. Upungufu wao ni kwamba humwachia woga kuliko maarifa.

Na woga una gharama yake. Katika miaka ya 1970 Eric Kellerman aliwachunguza wanafunzi wa Kiholanzi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kijerumani na Kiingereza. Aligundua kwamba wanafunzi hao walielekea kuzikataa hata nahau za Kiingereza zilizo sahihi kabisa, kwa sababu tu zilifanana mno na za kwao. Waliona haiwezekani msemo wenye ladha ya nyumbani uwe pia wa Kiingereza. Hili si kosa linaloonekana katika daftari, kwa kuwa mwanafunzi hakuandika kitu. Mwalimu hana pa kuweka wino mwekundu. Lakini ni hasara. Mwenye mali amepita mbele ya mali yake asiitambue.

Dawa ya pili, orodha, ina kasoro nyingine. Orodha hupanga msemo wa Kiingereza upande huu na wa Kijerumani upande ule, kana kwamba ni sarafu za kubadilishana. Haimwambii mwanafunzi kwamba kupiga ndoo teke ni maneno ya mzaha, na kwamba akiyatamka matangani atawaumiza wafiwa. Haimwambii kama msemo ni wa vijana au wa wazee, wa barazani au wa ofisini. Mwanafunzi hukariri picha asikariri mahali pake.

Tena orodha huficha historia. Wajerumani wana msemo wa kumtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Thomas Murner aliutumia katika kitabu chake cha kejeli cha mwaka 1512. Waingereza hawakuwa nao hata Thomas Carlyle alipoutafsiri mwaka 1849, neno kwa neno, katika makala yaliyojaa dharau kwa Waafrika wa visiwa vya Karibi waliokuwa wametoka utumwani. Leo Mwingereza hautambui kuwa ni mgeni. Kwa upande wa pili, Wolfgang Mieder ameonyesha jinsi methali ya Kiingereza ya ndege wa mapema na mnyoo ilivyohamia Ujerumani na kukaa kando ya ile ya wenyeji isemayo kwamba asubuhi ina dhahabu kinywani. Basi Carlyle alifanya tendo lile lile ambalo Lübke alisingiziwa: alichukua msemo wa Kijerumani, akauvika maneno ya Kiingereza. Mmoja alitajirisha lugha, mwingine akawa kichekesho. Ni kweli kwamba sura ya mtoto na maji inaeleweka na yeyote aliyewahi kuogesha mtoto, na ile ya Rais haina sura kabisa. Lakini hiyo si tofauti pekee. Carlyle alikuwa mwandishi mkubwa mwenyeji wa lugha aliyoiandikia, naye hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mazoea ya lugha hayamwulizi mleta msemo uadilifu wake, ila humtazama cheo chake.

Naomba niongeze jambo moja nililolishuhudia. Nilipokuwa nikisoma Ujerumani kwa shahada ya pili, asubuhi ya kutetea tasnifu yangu jirani yangu wa bweni aliniambia: I press you the thumbs. Nikatazama vidole vyangu, nisielewe. Naye akakunja ngumi zake mbili, vidole gumba vikiwa ndani, akazibana mbele yangu, akatabasamu. Jikoni mle hapakuwa na Mwingereza. Kiingereza kilikuwa mgeni wa wote wawili, na msemo ule ulifika ulikotumwa. Kama angalinitakia heri kwa maneno ya kawaida ya Waingereza, yumkini ningalikwisha kuyasahau.

Simaanishi kwamba kila tafsiri ya neno kwa neno ipokewe. Ninalosema ni kwamba mwalimu ayapime makosa kwa uzito wake, asiyapime kwa kicheko. Aanze na fungu la kwanza, ili mwanafunzi ajue utajiri alio nao. Akae sana kwenye la tatu, ambako kutoelewana kunajificha. La pili alifundishe pamoja na mahali pake: nani humwambia nani, na wakati gani. Corder alikwisha kutukumbusha mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anayojijengea. Anayeshuhudia hastahili kuzomewa.

Mambo haya si ya Wajerumani peke yao. Wao hubishana juu ya am Ende des Tages, msemo wa Kiingereza uliovaa nguo za Kijerumani. Sisi twabishana juu ya mwisho wa siku, ambao ni ule ule uliovaa kanga. Tunaukata katika insha za wanafunzi wetu, kisha tunaingia mkutanoni kujadili lugha ya mama, ambao sura yake ni ile ile ya Kiingereza na ya Kijerumani, na hakuna anayestuka. Huenda tuna haki kuukata mmoja na kuuacha mwingine. Lakini hapana budi tuweze kumweleza mwanafunzi sababu, na sababu hiyo isiwe tu kwamba mmoja uliletwa na wakubwa na mwingine umeletwa na yeye.